Hatua ya Ishirini na Nne

Jumanne, 2 Januari 1973

Dada yangu amenipa shajara hii kwa Krismasi, eti niandike vituko vya kazini nisizeeke vibaya. Nina miaka arobaini na saba, ushauri umechelewa, lakini daftari ni zuri na halistahili kubaki tupu.

Vituko vyenyewe ni hivi. Nafanya kazi kwenye banda lililokuwa la kuku, mwisho wa barabara ya Thorley Drove, na siku za mvua harufu ya kuku inarudi. Humo Bwana Cyril Gedge anaunda gari dogo la wazi, la viti viwili, analiita Teal. Kusema kweli haundi gari. Anaunda vipande: bodi ya faiba, chesisi, na mfuko wa bolti. Mnunuzi anavipakia na kwenda kuvifunga mwenyewe nyumbani kwake, maana gari zima lina kodi kubwa na vipande havina. Ila serikali ina sharti lake. Tukimwandikia mtu jinsi ya kulifunga, tutahesabiwa tumemuuzia gari. Kwa hiyo tunampa kitabu cha kurasa kumi na mbili kiitwacho "Jinsi ya Kulifungua Teal", na kila mnunuzi anajua akisome kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Mkaguzi wa kodi anajua pia. Alikuja mwaka juzi, akakipekua, akanywa chai yangu, akaondoka anacheka.

Kitabu nimekipiga chapa mimi, Muriel Thirtle. Tangu nilipotoka shule sijawahi kurudishiwa karatasi yenye kosa.

Alhamisi, 11 Januari

Ukungu tangu asubuhi. Bodi ya kumi na saba imetoka kwenye kalibu, na Olive Mace, ambaye ndiye anayepaka nta na kulaza faiba, ameniita nikaione. Upande wa kulia, mbele kidogo ya mlango wa dereva, kuna mstari mwembamba kama mkwaruzo, urefu wa kucha. Kalibu hunakili kila kitu kilichomo ndani yake, hata mguu wa nzi. Tukaingiza vichwa vyote viwili. Kalibu ni laini kama yai.

"Labda ni nta," nikasema.

"Shoga, nta naijua kuliko ninavyomjua mume wangu," akasema. "Na yeye nimelala naye miaka ishirini."

Akausugua mstari ukatoka.

Ijumaa, 12 Januari

Mvua. Hakuna la kuandika.

Alhamisi, 18 Januari

Leo amekuja Bi Ivy Kerrison. Tulipoona kofia yake inapita dirishani, kila mtu aliacha alichokishika.

Ni mama yake Neville. Neville alinunua vipande namba tisa, na majira yote ya joto yaliyopita alikuwa akija kila Jumamosi kuuliza hili na lile na kumaliza biskuti kwenye kopo langu. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Jumapili moja ya Novemba, mchana, kwenye kona ya Ukingo Mrefu, gari halikukata kona. Lilikwenda moja kwa moja likaingia kwenye mfereji, kana kwamba mtu amemwita kutoka majini. Uchunguzi ukasema matope, mwendo, na ujana. Gari halikuumia sana. Aliyeumia ni yeye, kwa maji.

Hakuja kwa shari. Basi la kijijini kwake lipo Alhamisi tu, ndilo alilopanda.

"Nimekuja kuomba kitabu," akasema. "Cha Neville kililowa kikawa uji. Gari wamenirudishia. Nataka kulifungua, nilisafishe, nilirudishe."

Bwana Gedge akakohoa. "Bi Kerrison, kuna haja gani? Sisi tunaweza kuja kulichukua."

"Aliniahidi kunipeleka baharini Hunstanton Jumapili ya Akina Mama. Mwaka huu inaangukia tarehe moja Aprili. Mimi sijamfuta deni lake la ahadi kwa sababu amekufa."

Vitabu vimekwisha, nikamwambia nitampigia upya. Akasema ukurasa mmoja kwa wiki unatosha, yeye si mwepesi. Kisha akaomba akae kidogo kwenye gari la maonyesho, lile jekundu linalosimama mbele ya banda. Alikaa humo mpaka basi lilipokuja, kofia kichwani, mikono miwili kwenye usukani, akiuzungusha polepole kushoto, kulia, kushoto. Chuma cha usukani kina mlio mdogo kama wa panya.

Bwana Gedge alisema huyo atakuwa mtu wa kwanza duniani kukisoma kitabu chetu kama kilivyoandikwa, akacheka. Halafu akaacha kucheka.

Alhamisi, 25 Januari

Alikuja. Nilimpa kurasa tatu badala ya mmoja kwa kuwa ni fupi, na kila wiki nitampa tatu. Akakaa kwenye gari.

Jumanne, 30 Januari

Bodi ya kumi na nane. Mstari upo palepale, sasa ni urefu wa kidole. Olive alikuwa ameisugua kalibu siku nzima jana. Hakusema utani wowote.

Saa tano asubuhi nikiwa kwenye taipu nikasikia ule mlio wa panya. Leo ni Jumanne, hakuna basi la kumleta Bi Kerrison. Nilitoka. Gari jekundu lilikuwa tupu, matone ya ukungu kwenye viti, na usukani umekatwa mpaka mwisho upande wa kushoto. Kona ya Ukingo Mrefu inakata kushoto. Nikaunyoosha, nikajiambia ni upepo, lakini usukani si pazia.

Ijumaa, 9 Februari

Habari kubwa. Kuanzia tarehe moja Aprili inakuja kodi mpya, na hiyo inakata hata vipande. Ujanja wetu wote umekwisha. Bwana Gedge amempata Bwana Emrys Pugh wa Wales, anayetaka kununua kalibu, michoro na jina, na kutubakiza sote kazini. Atakuja Jumamosi tarehe 31 Machi, na Bwana Gedge atamtembeza kwa gari jekundu. Asipolipenda, banda linarudi kuwa la kuku.

Alhamisi, 15 Februari

Baridi kali, taipu inagoma. Bi Kerrison alirudisha ukurasa wa nane akiwa ameukunja vizuri. "Huu ulikuwa mwepesi," akasema. "Shafti ya usukani ilitoka yenyewe, kama kijiko kwenye uji." Nikasema vizuri. Akaniangalia kwa muda, kama mtu anayesubiri nimalizie sentensi. Kisha akaenda kukaa kwenye gari.

Alhamisi, 1 Machi

Amemaliza kulifungua. Sasa analirudisha, anasoma kinyumenyume kama wengine. Kurasa zote anazo, lakini bado anakuja, na Bwana Gedge amemsimulia ujio wa Pugh. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na chake mimi kinaanza kunitisha.

Jumatano, 7 Machi

Bodi ya kumi na tisa. Mstari una urefu wa kiganja na umepinda kwenda chini. Olive ameweka kidole mwisho wake, akachungulia kwa ndani, akaniuliza, "Hapa nyuma pake panakaa nini?" Sikujua. Bwana Gedge akajibu akiwa mlangoni: shafti ya usukani.

Alhamisi, 15 Machi

Naandika hili na sitarudia kulisoma.

Bwana Pugh anataka kitabu kipya. Kodi ya zamani ikifa, sharti lake linakufa nayo, na kwa mara ya kwanza tunaruhusiwa kumwambia mtu wazi jinsi ya kulifunga gari. Bwana Gedge aliniletea karatasi zake za awali, zile za penseli, nianze kazi. Nikaziweka pembeni ya kitabu changu nikilinganisha hatua kwa hatua. Zake ni arobaini na moja. Zangu ni arobaini.

Hatua ya ishirini na tatu yake inaanza: "Chini ya usukani, upande wa ndani, legeza kifuniko." Ya ishirini na nne inaanza: "Chini ya usukani, upande wa ndani, toa bolti ndogo inayobana shafti kwenye shingo yake." Maneno ya mwanzo ni yaleyale. Jicho langu liliruka mstari. Juni mwaka jana, nilipokata stensili mpya, karatasi ya nta ya kuchapia nakala, siku ya joto, dirisha wazi, Neville akiwa amekaa kwenye kona ya meza yangu anatafuna biskuti na kunichekesha.

Mtu anayefungua gari asipoambiwa kutoa bolti, ataiona imemzuia, ataitoa. Lakini watu wetu hawafungui. Wanafunga, wakifuata kitabu changu kinyumenyume. Asiyeambiwa kuitoa hajui kwamba kuna ya kuirudisha. Shafti mpya hukaa kwenye shingo kwa kubanana tu, siku kadhaa, wiki kadhaa, mpaka siku moja kwenye kona inachomoka, na usukani unazunguka mikononi bila kushika kitu. Na kwenye mfuko inabaki bolti moja ambayo mtu anadhani ni ya ziada.

Ilitoka yenyewe, kama kijiko kwenye uji.

Niliinua kichwa. Alikuwa pale nje kwenye gari jekundu, kofia kichwani, anazungusha usukani. Kushoto. Kulia. Nilimuua mwanawe kwa taipu. Basi likaja, akaondoka, mimi sikunyanyuka kitini.

Ijumaa, 16 Machi

Nilimwambia Bwana Gedge. Alikaa juu ya pipa la gundi.

"Wangapi wana kitabu hicho?"

"Kumi na mmoja. Namba sita mpaka kumi na sita. Neville akiwa mmoja wao."

"Wengi wao hata hawajamaliza kufunga," akasema. "Unawajua watu wetu, gari linakaa bandani miaka mitano na kuku wanatagia ndani. Muriel, wiki mbili. Nipe wiki mbili Pugh aweke sahihi, kisha tutawaandikia wote kwa upole."

"Na Bi Kerrison?"

"Bi Kerrison hawezi kulimaliza. Ni mama mtu mzima na spana moja tu."

Niliitikia. Naliandika hilo hapa ili lisije likapotea: niliitikia.

Jumamosi, 17 Machi

Sikuandika barua.

Jumatatu, 19 Machi

Upepo. Mlio wa panya mara tatu. Sikutoka nje kuangalia.

Jumanne, 20 Machi

Sikuandika barua.

Alhamisi, 22 Machi

Nilimpelekea chai garini. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba boneti ilionekana nusu. Akapokea kikombe kwa mkono mmoja, mwingine hakuutoa kwenye usukani.

"Nimekaribia kumaliza," akasema. "Wiki ijayo Jumapili naenda baharini. Huna la kuniambia, Muriel?"

"Uvae koti zito," nikasema.

"Koti," akasema, kama mtu anayeonja kitu. "Haya. Ahsante."

Nilirudi ndani nikatapika kwenye ndoo ya Olive.

Jumamosi, 24 Machi

Olive alinibana kuhusu ndoo yake, nikamwambia yote. Hakunilaani. Alivua glavu zake.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema. "Na hapa hata hakitakuumbua wewe, kitawaumbua vijana kumi ambao hawajui. Kaa kwenye hiyo taipu yako."

"Gedge atanifukuza."

"Akufukuze mara ngapi? Banda lenyewe linafungwa."

Nimeandika barua kumi. Kila moja nimeirudia mara mbili kwa jicho na mara moja kwa kidole. Olive amezipeleka posta kwa baiskeli kabla sijapata nafasi ya kuwa mwoga tena. Ya kumi na moja, ya Bi Kerrison, haikuandikika. Kuna mambo hayatumwi kwa stempu.

Jumatano, 28 Machi

Majibu manne, na simu mbili. Mwenye namba saba alikuwa ameendesha hivyo hivyo tangu Oktoba, na mtoto akiwa kiti cha pili. Alilia kwenye simu, nami nikalia.

Alhamisi, 29 Machi

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia. Lakini leo hakuingia ofisini wala hakusalimu mtu. Alikaa kwenye gari jekundu dakika kumi, ameinama sana, kofia haionekani. Kisha akatoka, akafuta mikono kwa kitambaa, akaondoka kwa miguu kabla ya basi. Ni maili sita. Nilimfuata mpaka kwenye geti nikimwita, akawa anapungua kwenye ukungu bila kugeuka.

Ijumaa, 30 Machi

Nimekwenda kwake kwa baiskeli ya Olive, bolti mpya na nati yake mfukoni. Barabara inapita Ukingo Mrefu. Kwenye kona nilishuka nikaisukuma baiskeli kwa miguu.

Alifungua mlango kabla sijabisha. Meza ilikuwa na vikombe viwili. Kupitia dirisha la nyuma niliona namba tisa, la rangi ya chungwa, zima, linang'aa, limeelekezwa barabarani.

Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilimwambia hatua ya ishirini na nne, jicho lililoruka, mwanawe juu ya meza yangu, na zile wiki mbili nilizoitikia. Sikulia, kwa sababu haikuwa zamu yangu kulia. Mwisho nikaweka bolti juu ya kitambaa cha meza.

Hakuiangalia. Aliangalia ukutani, nami nikafuata macho yake. Palikuwa na picha ya zamani: msichana wa ovaroli, spana mkononi, amesimama chini ya injini ya ndege ya vita.

"Miaka minne nilifunga injini za ndege," akasema. "Unadhani sijui shafti isiyo na bolti?"

Nikakaa bila kukaribishwa.

Alifungua mkoba wake. Akaweka bolti ya pili kando ya yangu, yenye kutu kidogo. "Hii niliikuta kwenye kopo la Neville. Alikuwa ameandika kwenye karatasi: ya ziada. Nikaja kwenu nikae kwenye gari lenu niitafutie mahali pake, nikapapata Alhamisi ya tatu. Kitabu nilichukua ukurasa kwa ukurasa nione kama mtakirekebisha. Hamkukirekebisha. Nikakwambia ilitoka yenyewe. Ukasema vizuri."

"Sikujua, Bi Kerrison. Wakati ule sikujua."

"Wakati ule hukujua. Wiki iliyopita ulijua, nilikuona usoni. Ukaniambia nivae koti."

Kisha akaingiza mkono tena, akaweka bolti ya tatu. Hiyo ilikuwa safi, na nati yake bado ina rangi nyekundu.

"Na hii ni ya kwenu. Niliitoa jana."

Sikuelewa mara moja. Halafu nikaona gari jekundu, Bwana Gedge kwenye usukani, Bwana Pugh pembeni yake, kesho saa nne asubuhi.

"Nilikuwa nimeamua hivi," akasema kwa sauti ya mtu anayepanga vyombo. "Akija mmoja wenu kuniambia, naitoa mkobani. Asipokuja mtu, naenda baharini, na nyinyi mwende mnakokwenda. Umekuja saa nane na robo. Kunywa chai."

Tulikunywa. Ilikuwa imeshapoa, na nilikunywa yote.

Jumamosi, 31 Machi

Nilifika bandani saa moja. Bwana Gedge alikuwa anapangusa gari jekundu, ufunguo mdomoni. Nilifungua kiganja. Aliiangalia bolti, akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya usukani, na mkono ule ukabaki humo muda mrefu. Alipoutoa ulikuwa mtupu.

"Nani?"

"Mtu tuliyempa kitabu," nikasema.

Aliikaza mwenyewe. Bwana Pugh alipofika, kabla hata ya kuvua kofia, Bwana Gedge alimweleza yote: kitabu, Neville, wiki mbili. Mimi sikumwomba afanye hivyo. Bwana Pugh alisikiliza akiangalia sakafu. Akasema atakwenda nyumbani akafikiri, akaenda nyumbani.

Olive ametoa bodi ya ishirini. Mstari upo. Haujarefuka.

Jumapili, 1 Aprili

Bi Kerrison alinipa sharti moja Ijumaa: bolti ya Neville niikaze mimi, na niende naye. Leo asubuhi nililala chini ya lile gari la chungwa na koti langu la kanisani, nikaikaza ile yenye kutu kidogo, nikaikagua, nikaikaza tena. Yeye alisimama juu yangu ameshika maua ya manjano ambayo Neville angemletea. Amejinunulia mwenyewe.

Aliendesha kwa kasi. Jua lilitoka kwa mara ya kwanza tangu Januari na mashamba yote yalifuka mvuke. Ukingo Mrefu ulipoonekana nilishika mlango, na yeye hakupunguza mwendo. Akaanza kuikata kona, na katikati ya kona, maji ya mfereji yakiwa mbele yetu meupe kwa jua, akaachia usukani. Mikono yote miwili akaiinua, akaiweka mapajani. Kwa pumzi moja niliuona usukani ukijizungusha wenyewe polepole kwenda kushoto, na ule mlio mdogo niliusikia wazi. Gari likafuata kona kama lilivyotakiwa.

Akaushika tena. "Imeshika," akasema, wala hakuniambia mimi.

Baharini alikaa kwenye benchi mpaka saa tisa, maua kwenye kiti cha gari. Alinipa nusu ya mkate wake na siagi. Niliporudi nilipitia ofisini kuona barua za jana zilizoingizwa chini ya mlango. Wamejibu tisa. Barua ya namba kumi na nne imerudi na alama ya posta: amehama. Jirani yake nimempigia, anasema aliliuza Teal lake mwezi Januari kwa kijana mmoja aliyelilipia palepale na kuondoka nalo, jina hakuuliza, ila ana uhakika lilikuwa la kijani.

Nimekaa dirishani na kitabu kipya, hatua ya kwanza. Kila gari likipita barabarani nainua kichwa.